Kathleen hayumo kwenye gemu, na ni sawa kabisa

Wapenda gemu wakianza kuongelea tamthilia ya The Last of Us, iliyotokana na gemu ya jina hilo kuhusu fangasi inayowageuza watu kuwa viumbe vinavyong'ata, haipiti muda mrefu kabla mmoja hajasema, "Lakini yule mama hayumo kwenye gemu." Anayesemwa ni Kathleen. Na husemwa kwa sauti ya kufunga kesi, kana kwamba kutokuwemo kwenye gemu ni kosa lisilohitaji ushahidi mwingine. Mimi naipenda gemu ile tangu enzi za PlayStation 3, na msimamo wangu ni kwamba wahusika wadogo waliobuniwa kwa ajili ya tamthilia ni miongoni mwa mambo bora yaliyowahi kuikuta hadithi hii. Kama hujamaliza misimu yote miwili, rudi baadaye, maana nitasema nani anakufa na anakufaje.

Gemu ilitoka mwaka 2013, kazi ya studio ya Naughty Dog. Tamthilia ikaanza kuonyeshwa HBO mwezi Januari 2023, ikiongozwa na Craig Mazin pamoja na Neil Druckmann. Huyu Druckmann ndiye aliyeiandika gemu yenyewe. Kwa hiyo wanaolalamika kwamba wageni wameingia wakaharibu hadithi ya watu, wakumbuke kuwa mwenye hadithi alikuwemo chumbani.

Sasa tuangalie gemu inafanya nini. Joel, mwanamume anayemsindikiza msichana Ellie ambaye fangasi haimdhuru, anaingia naye Pittsburgh kwa gari. Mbele yao mtu anajikokota barabarani, kashika tumbo, anaomba msaada. Joel anaona mtego papo hapo na kukanyaga mafuta. Baada ya hapo unapigana na kundi zima la wanyang'anyi, mtaa kwa mtaa. Unawavizia nyuma ya makaunta, unawakaba shingo, unawarushia chupa za moto. Hawana majina. Wakiisha unapekua droo kutafuta risasi na vitambaa, unasonga mbele. Mikono yako iko kazini muda wote, roho iko juu, na huna hata sekunde ya kujiuliza kama uliyemkaba alikuwa na mama yake mahali fulani.

Tamthilia imehamishia mkasa huo Kansas City. Mtego ni uleule, gari linaishia ndani ya duka la kufulia nguo. Joel anapambana na washambuliaji, mmoja anamzidi nguvu na kumkaba kwa bunduki, na Ellie anampiga risasi kwa nyuma. Kijana anaanguka. Miguu haisikii. Anaanza kulia, anasema jina lake ni Bryan, anasema mama yake hayuko mbali, wampeleke kwake, wanaweza kuelewana. Anatoa kisu chake mwenyewe akabidhi, kuonyesha kwamba vita vimekwisha. Joel anamwambia Ellie apite upande wa pili wa ukuta. Sisi tunabaki na Ellie. Tunamsikia Bryan akimwita mama yake, kisha hatumsikii tena.

Bryan hayumo kwenye gemu. Ana dakika chache tu kwenye skrini. Lakini niambie ni mnyang'anyi gani wa Pittsburgh unayemkumbuka kwa sura au kwa jina. Hakuna.

Na sababu haiko kwenye ubora wa waandishi wa gemu, iko kwenye pedi, yaani kile kifaa cha mkononi cha kuchezea. Unapocheza, hatia inakuja kupitia vidole vyako: wewe ndiye uliyebonyeza. Hata kama hukuwaza chochote wakati ule, kitu fulani kinabaki mwilini, na gemu ile inajua kukitumia baadaye. Mtazamaji aliyekaa kwenye kochi hana alichobonyeza. Ukimwonyesha Joel akiua watu kumi wasio na majina, kwake huyo ni shujaa wa sinema ya mapigano na hakuna zaidi. Ule uzito lazima uletwe kwa njia nyingine, na njia iliyopo ni kumpa yule anayeuawa uso, jina, na mtu wa kumlilia. Hiyo ndiyo kazi ya Bryan. Kathleen anaifanya kazi hiyohiyo kwa vipindi viwili mfululizo, cha nne na cha tano.

Kathleen, anayeigizwa na Melanie Lynskey, anaongoza waasi walioing'oa FEDRA, jeshi lililokuwa likitawala mji kwa mkono wa chuma. Kabla yake kiongozi alikuwa kaka yake, Michael, mtu aliyependwa na kila mmoja, aliyehubiri msamaha. Henry, kijana wa mji huo, alimuuza Michael kwa FEDRA ili apate dawa ya mdogo wake Sam, mwenye saratani ya damu. Michael akauawa. Tangu hapo Kathleen hana jingine kichwani ila Henry. Mji wameupata, njaa iko palepale, na chini ya jengo moja sakafu inapumua kwa sababu walioambukizwa wamejaa huko. Perry, mlinzi wake mkuu, anampeleka akaone. Anaangalia, anasema wafunge jengo, watalishughulikia baadaye, na asiambiwe mtu. Kwanza Henry.

Kabla ya hapo tumeshamwona akiwa na daktari kizuizini, mzee aliyemzalisha mama yake siku Kathleen anazaliwa. Mzee anamkumbusha hilo. Kathleen anamsikiliza kwa sauti ya upole, kama mwalimu wa chekechea, na muda si mrefu anarudi na kumpiga risasi. Nimeangalia tukio hilo mara kadhaa, na kila mara kinachonitisha ni ule upole.

Halafu kuna chumba. Perry anamkuta amesimama katika chumba alicholala utotoni na kaka yake. Anasimulia jinsi alivyokuwa akiogopa radi, na jinsi Michael alivyomwambia kwamba chumba kile ni boksi zuri la mbao ambalo hakuna baya linaloweza kuingia. Anakiri kwamba Michael alimtaka asamehe. Perry anamjibu kwamba kaka yake alikuwa mtu mkubwa, walimpenda wote, lakini hakubadilisha chochote. Aliyebadilisha ni yeye. Hapo Perry anakuwa amemmaliza. Amempa ruhusa aliyokuwa akiitafuta, na usiku uleule wote wawili watakufa, na karibu jeshi lao lote pamoja nao. Anayemwigiza Perry ni Jeffrey Pierce, ambaye kwenye gemu ndiye sauti ya Tommy, ndugu yake Joel. Nalipenda sana hilo. Mtu aliyebeba udugu wa gemu nzima amepewa mhusika mpya ili amwambie dada mwenye msiba maneno yatakayompoteza.

Wengine walilalamikia umbo la Lynskey, kwamba hafanani na kiongozi wa vita. Mwenyewe alijibu hadharani kwamba anaigiza mtu aliyepanga na kutekeleza mapinduzi, anatakiwa kuwa na akili, misuli ni ya walinzi wake. Jibu limetosha. Baadaye uigizaji huo ulimpatia uteuzi wa tuzo ya Emmy.

Lakini sababu kubwa ya kumtetea Kathleen ni maneno anayomwambia Henry mwishoni, bunduki mkononi. Anamuuliza kama aliwahi kufikiri kwamba labda Sam alipaswa kufa. Watoto hufa, anasema, hufa kila siku. Linganisha na mwisho wa msimu ule. Joel anafika hospitali ya Salt Lake City, anaambiwa kwamba Ellie lazima afe ili dawa ipatikane, naye anaua kila aliye njiani ili mtoto huyo asife. Henry alimtoa kiongozi wa ukombozi ili kumwokoa mtoto mmoja. Joel anatoa tumaini la dunia nzima kwa ajili ya mtoto mmoja. Kathleen ndiye pekee aliyesimama upande wa pili wa hesabu hiyo na kuusema kwa mdomo wake, vipindi vinne kabla Joel hajafika hospitali. Ndiyo maana kumwita wa kujazia nafasi ni kutomtendea haki. Na anayemuua ni mtoto aliyeambukizwa, msichana mdogo anayemrukia kutoka gizani.

Wanaosema Kathleen anakwenda kinyume na gemu wanasahau pia gemu ya pili, ya 2020. Kule Druckmann na wenzake waliwapa maadui majina. Ukimuua mmoja, mwenzake anapaza sauti na kumwita kwa jina. Ukimuua mbwa, mwenye mbwa anamlilia kwa jina lake. Wachezaji wengi walisema iliwaumiza, na ndilo lilikuwa kusudi. Kwa hiyo tamthilia ilichofanya Kansas City ni kuchukua somo la gemu ya pili na kulirudisha ndani ya hadithi ya gemu ya kwanza.

Yupo mwingine ambaye watu hawamtaji vya kutosha: Ratna Pertiwi, profesa wa fangasi wa Jakarta, katika ufunguzi wa kipindi cha pili. Ni Septemba 2003. Anakula mgahawani, maofisa wanakuja, anapelekwa maabara kuangalia sampuli kwenye hadubini, na hataki kuamini ilitoka kwa binadamu. Anaonyeshwa maiti ya mwanamke aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha unga na nafaka. Anapasua jeraha la kung'atwa mguuni, anafungua mdomo, na ndani ya mdomo kuna nyuzi zinazotembea. Kisha anakaa na kikombe cha chai, mkono unatetemeka, mwanajeshi anamwomba dawa au chanjo. Anamjibu kwamba maisha yake yote amesomea vitu hivi, na hakuna dawa, hakuna chanjo. Wafanye nini basi? Wapige mabomu. Mji huu na kila aliyemo. Halafu anaomba apelekwe nyumbani akae na familia yake.

Christine Hakim, mwigizaji mkongwe wa Indonesia, anaigiza hayo yote kwa lugha ya kwao. Kwenye gemu ya kwanza chanzo cha janga unakiokota kwenye gazeti: mazao yaliyochafuliwa kutoka Amerika Kusini. Taarifa tu. Hapa kuna mtu msomi anayeelewa kabla ya dunia nzima, na kuelewa kwake hakumsaidii yeyote. Baada ya Ratna, kila ukiona mji uliopigwa mabomu unajua kwamba mahali fulani kulikuwa na mtu mwema aliyetoa ushauri huo.

Marlon na Florence, wazee wa kwenye theluji ya Wyoming, nitawapitia haraka ingawa nawapenda. Joel anaingia kwao na silaha, wao hawashtuki. Florence ameshatoa supu. Graham Greene na Elaine Miles wanaigiza ndoa ya miaka mingi ndani ya dakika chache. Greene alifariki Septemba 2025, na kwangu hicho kipande kidogo ni kumbukumbu nzuri ya mtu aliyejua kuchekesha bila kubadilisha sura.

Si kila mhusika wa kubuni namtetea. Filamu za Resident Evil zilizoanza 2002 zilimleta Alice, wa Milla Jovovich, ambaye hayumo kwenye gemu yoyote. Kwa filamu sita kila kitu kikamzunguka yeye; Jill, Chris na Leon, watu tuliokua nao, wakawa wapita njia kwenye hadithi yao wenyewe. Hapo ndipo kubuni kunapoumiza, mgeni anapokuja si kuwaangazia waliopo bali kukalia viti vyao.

Na ndani ya The Last of Us yenyewe nina tatizo na Gail, mshauri wa kisaikolojia wa Jackson, mji wanakoishi Joel na Ellie katika msimu wa pili, wa Catherine O'Hara. Tukio lake la kwanza ni zuri mno: ni siku yake ya kuzaliwa, ya kwanza bila mumewe, anakunywa, na anamwambia Joel usoni kwamba anamchukia kwa kumuua Eugene, mume huyo. Lakini baada ya Joel kufa anageuzwa mfasiri. Anakaa na Tommy na kumweleza kwamba wapo watu wasiookoleka, akimsema Ellie, jambo ambalo tungeliona wenyewe kwa kumtazama Ellie akifunga safari ya Seattle. Mhusika mdogo akianza kutueleza wahusika wakubwa, anakuwa amepewa kazi ya mwandishi.

Kipindi cha sita kinamwokoa. Kwenye gemu Eugene ni jina tu, mtu aliyekwisha kufa. Hapa anaigizwa na Joe Pantoliano, ameng'atwa akiwa doria, anaomba jambo moja: amwone mkewe kabla hajageuka. Ellie anaamini muda upo. Joel anaahidi, anamtuma Ellie akalete farasi, kisha anampeleka mzee kando ya ziwa na kumpiga risasi. Mbele ya Gail anatunga uongo wa kumfariji, kwamba Eugene alikufa kishujaa. Ellie anasema ukweli palepale. Gail anamzaba Joel kofi. Na Ellie, kwa kuona jinsi Joel anavyoahidi akimtazama mtu machoni, anajua kilichotokea hospitali, ambacho Joel alimficha. Kwenye gemu alilazimika kurudi Salt Lake City kuutafuta ukweli huo. Nimecheza sehemu hiyo na naiheshimu, lakini naona ya Eugene ina nguvu zaidi, kwa sababu mwenye kudhulumiwa ukweli amesimama pale na tunamwona.

Msimu wa pili umefungwa kwa kuturudisha Seattle siku ya kwanza, safari hii kwa macho ya Abby, aliyemuua Joel. Gemu inapofika hapo inakufanya ucheze na mbwa uliowaua ukiwa Ellie, ule chakula na watu uliowapiga risasi. Waandishi watahitaji watu wa kujaza kambi ile ya WLF, kundi la wapiganaji la Abby: wapishi, walinzi wa geti, anayewafunza mbwa. Wasiogope kubuni. Wawape majina na ndugu, wawape na ugomvi wao mdogo wa foleni ya chakula, kisha waache Ellie afike.