Wavu wa kuku haumzuii kicheche

Mabanda mengi ya uani hapa Moshi, kuanzia Pasua hadi Kibosho, yana wavu ule ule: mwembamba, wenye matundu ya pembe sita, umegongelewa kwenye mirunda kwa misumari iliyokunjwa. Huo unamzuia kuku asitoke. Mbwa anauchana kwa meno, kicheche anapenya palipotanuka, na nyoka anapita bila taabu. Naona ni makosa kupeleka pesa kwenye geti zuri na paa la rangi huku chini kumeachwa hivyo.

Mahali kuku wanapolala, wavu wote uwe mgumu, uliochomelewa, wa matundu ya nusu inchi. Kwenye uwanja wao wa mchana, anza na sehemu ya chini. Chukua roli yenye upana wa futi 3, ikunje katikati kwa urefu: nusu ipande ukutani, nusu ilale chini kuelekea nje, kisha uifukie kwa udongo na mawe. Mnyama huchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Akigota wavu haimjii kurudi nyuma nusu mita aanze upya. Uwanja wa mita 3 kwa 2 unahitaji mita 10 za kuzunguka, na kama mita 3 zaidi za mapishano na viraka vya kona. Kona ndizo husahaulika, kwa sababu wavu ukikunjwa huacha pembe tupu hapo. Mtaa ukiwa na mbwa wazururaji, ongeza mkanda wa pili juu ya huo.

Misumari iliyokunjwa hulegea mbao zikikauka. Bana ukingo wa wavu kwa ubao mwembamba na skrubu kila sentimita 15. Mapishano yawe sentimita 10, yafungwe kwa waya wa kufungia nondo. Mlango uwe na kizingiti, maana mwanya wa vidole viwili chini yake unatosha kumwingiza panya, na nyoka humfuata panya.

Fito za kulalia zikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye wavu, kuku asivutwe kichwa usiku. Funga kabla ya giza, lakini usijisahau mchana: nguchiro na mwewe huwinda jua likiwaka. Vifaranga wafunikwe wavu juu. Kivuli cha migomba hakitoshi.

Sumu sikubaliani nayo kabisa. Inaua mbwa wa jirani na bundi anayekula panya wako.

Siafu ni habari nyingine. Kwa walioko Marangu au Machame, wakati wa masika hakuna wavu unaowazuia, na tetea anayeatamia mara nyingi hakimbii. Banda lenye miguu ndilo linalosaidia: kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu, nyasi zifyekwe pande zote, tawi lisiguse ukuta. Mvua ikijaza kopo, oili huelea na kumwagika, kwa hiyo pigilia kipande cha bati juu ya kila kopo kama kofia. Msafara ukiwa tayari umefika, majivu huwachelewesha tu. Toa vifaranga na tetea kwanza, fungua mlango kuku wakubwa watoke, na usiwarudishe mpaka siafu wa mwisho apite.