Mlango wa Noah si kazi ya konda

Bahasha ina maandishi yanayosema kwamba ndani kuna taarifa muhimu ya usalama. Ukiifungua, mtengenezaji anamweleza mwenye gari, kwa lugha ya kueleweka, kwamba mlango wa pembeni wa minivani yake una kasoro, unaweza kufunguka gari likiwa kwenye mwendo, na kwamba spea na ufundi ni bure. Hapa Marekani wengi huzirundika barua hizi pamoja na za matangazo. Mimi huzisoma mpaka nukta ya mwisho. Zinanifurahisha, kwa sababu kuna watu walilalamika na lalamiko lao likafika mahali. Na zinaniudhi, kwa sababu mlango wa aina ileile ukiwa Ubungo au Githurai unashikiliwa na mkono wa konda.

Chukua mfano wa Sienna, minivani ya Toyota. Novemba 2016 Toyota iliziita zirudi gereji kurekebishwa gari hizo za mwaka 2011 hadi 2016, takriban 744,000 kwa Marekani peke yake. Mlango wa umeme ukikwama, tuseme umegandishwa na barafu, mota inavuta umeme kupita kiasi na fyuzi inaungua. Ikiungua wakati kitasa kimekwishaachia, kitasa kinabaki vilevile. Kwa macho mlango umefungwa, kumbe haujashikwa na kitu, na gari likiondoka unaweza kufunguka. Dawa ikawa kubadilisha kisanduku cha fyuzi cha kwenye dashibodi pamoja na kufunga nyaya mpya. Miaka miwili baadaye Honda ikaziita minivani zake za Odyssey za 2018 na 2019, kama 107,000, kwa sababu vitasa vya nyuma vya milango ya umeme havikuwa vikishika sawasawa. Na zamani zaidi, mwaka 1995, Chrysler ilikubali kubadilisha kitasa cha mlango wa nyuma kwenye minivani zaidi ya milioni nne, baada ya watu kurushwa nje kwenye ajali.

Mambo haya huanza kwa mwenye gari mmoja kuandika. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya hapa, inapokea lalamiko la mtu yeyote bila malipo: namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17, umbali gari lililotembea, mwendo uliokuwa nao, nini kilitokea. Lalamiko linawekwa hadharani bila jina lako. Yakifanana mengi, uchunguzi wa awali unafunguliwa, halafu wa kihandisi, na mara nyingi kampuni huita magari yake kabla haijalazimishwa.

Nawasikia tayari. "Huyu kavuka maji juzi, leo kwao kunanuka." Hapana, ndugu zangu. Huku nako kuna ya kukera. Waya wa chuma unaovuta mlango wa umeme hukatika sana, kwa sababu unapindishwa kwenye kapi dogo lilelile miaka nenda rudi mpaka nyuzi zinachanika moja moja. Gereji ya kampuni mara nyingi haibadilishi waya peke yake. Inang'oa mota nzima na kukuandikia bili inayoweza kupita dola elfu moja. Na kwa kuwa mlango uliogoma kufunguka huhesabiwa ni usumbufu tu, mara nyingi mzigo ni wako. Fundi wa Ilala atafungua dramu ya mota, apime waya wa zamani, atie wa unene uleule, na jioni mlango unafanya kazi. Ufundi wa namna hiyo najivunia, na sitaacha kuusema mbele ya Wamarekani.

Lakini fundi huyohuyo, jamani, ndiye anayepiga puti na rangi juu ya matundu ya kutolea maji chini ya mlango. Maji ya mvua yanaingia kupitia mpira wa kioo, hayana pa kutokea, na mlango unaliwa kwa ndani huku nje ukimeremeta. Kizingiti hivyohivyo. Huku kinaliwa na chumvi ya kuyeyushia barafu, kwetu Tanga na Mombasa kinaliwa na hewa ya bahari. Reli ya chini ya mlango imejificha palepale kizingitini. Chuma kikioza, mkono wa rola hauna pa kushika, hata kitasa kiwe kipya.

Mlango wa pembeni unatembea kwenye reli tatu: ya juu, ya chini, na ya kati ile inayoonekana nje ubavuni. Rola ya kati ndiyo inayobeba upande wa nyuma wa mlango, na mara nyingi ndiyo inayokufa kwanza. Simamisha gari pabapa, zima swichi kuu ya mlango wa umeme kama upo, fungua mlango nusu, shika ncha ya nyuma uinyanyue. Ukicheza juu na chini waziwazi, rola imeliwa au mkono wake umelegea. Mlango umeshuka, kwa hiyo kitasa kinakutana vibaya na kile chuma chenye umbo la U kilichofungwa kwenye bodi. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanakishusha kile chuma kikifuate kitasa. Mlango unafunga wiki chache, rola inaendelea kuliwa, unashuka tena. Badilisha rola kwanza, ndipo urekebishe chuma.

Halafu kitasa chenyewe. Mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wake kwa bisibisi. Usitie kidole, hasa kwenye milango yenye mota ndogo ya kumalizia kufunga. Kwa kawaida utasikia mlio mara mbili: wa kwanza ni kushika nusu, wa pili ni kushika kabisa. Kikigoma kufika wa pili, kimejaa tope au springi imechoka. Kisafishe, kikauke, tia grisi nyeupe kidogo. Oili chafu ya injini inakamata vumbi na kukirudisha kulekule. Ukimaliza, vuta mkono wa nje kitasa kiachie kabla hujafunga mlango. Kagua vitasa vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, kwa sababu mlango ulioshikwa na kimoja unaonekana umefungwa mpaka gari liingie kwenye shimo.

Kanuni ya Marekani namba 206 inataka mlango wa pembeni wa namna hii uwe na kitasa chenye hatua hizo mbili, au gari limwonye dereva kwamba haujafunga sawasawa. Kwetu taa ya dashibodi ya kutoa onyo hilo ikiwaka sana, inachomolewa.

Kinachoniumiza zaidi ni komeo la nyumba lililochomelewa kwa ndani. Mtaniambia bila komeo mlango unafunguka njiani. Ni kweli. Ila gari likipinduka au likishika moto, nani atalitafuta komeo hilo gizani, akiwa amelaliwa na watu wanne? Loki ya watoto nayo ni hivyohivyo. Ikiachwa imefungwa kwenye Noah ya abiria, hakuna abiria anayeweza kuufungua mlango huo kwa mkono wa ndani, na siti za nyuma zinautegemea.

"Magari yetu ni mitumba ya Japani, barua zitatufikiaje?" Hazitatufikia, sawa. Lakini namba ya chasi tunayo: AZR60 au ZRR70, kistari, halafu tarakimu. Toyota ya Japani ina ukurasa wa kuangalia wito kwa namba hiyo. Umeandikwa Kijapani, na simu yako inajua kutafsiri. Hata kama hakuna atakayekulipia, utajua ni sehemu gani inayotiliwa shaka kabla hujanunua spea ya kubahatisha.

Na msiniambie serikali haina fedha. Sidai maabara ya kugongesha magari. LATRA ya Tanzania na NTSA ya Kenya, mamlaka zetu za usafiri, tayari zinayajua magari ya abiria kwa namba zake, na trafiki anajua kuuliza mtungi wa kuzimia moto na pembetatu. Nadai daftari moja la wazi ambamo konda, dereva au mama aliyempakata mtoto anaweza kuandikiwa kasoro ya mlango: namba ya chasi, mlango wa upande gani, kitasa cha mbele au cha nyuma, gari lilikuwa kwenye mwendo gani, taa ya dashibodi iliwaka au haikuwaka, na kama bodi iliwahi kunyooshwa upande huo.