Kanopi Huzuia Mvua, Shemeji Haimzuii

Leo asubuhi mlango wa kanopi, kile kibanda kinachofunika bodi ya pikapu yangu, umenishukia kisogoni. Sisemi umenigonga, kugonga kuna ghafla yake, mtu unashtuka, unafoka, mambo yanaisha. Huu umeshuka taratibu, kwa dharau kabisa, ukanikuta nusu yangu imo ndani ya bodi na nusu ipo barabarani, natafuta spana iliyoviringika mpaka kule mbele karibu na kebini. Ukanikalia hapohapo, mtu mzima mwenye heshima zangu, makalio yameelekea walimwengu. Wamepita watu wakasema "pole". Hakuna aliyeunyanyua.

Ni vile vijiti vya gesi. Vikiwa vipya unageuza kitasa tu, mlango unapaa wenyewe, na wewe unajiona umo. Gesi ikishavuja vinabaki mapambo. Na wala havifi siku moja ukajua vimekufa ukavizika. Kukiwa na joto vinashika, kukiwa na baridi vinaachia. Kwa hiyo asubuhi unakula kipigo, saa saba mchana unampelekea fundi, anafungua, mlango unasimama kwa adabu zote, fundi anakutazama wewe muongo. Sasa hivi natembea na kipande cha mti cha kuegemezea. Ukikitaka, nacho kimeshaviringika mpaka mbele.

Wenye pikapu wenzangu sina haja ya kuwaeleza kwa nini niliweka kanopi. Bodi wazi ni mali ya umma. Ukikwama kwenye foleni, mpita njia anakutupia chupa yake tupu. Ukiegesha, ukirudi unakuta mfuko usio wako, na ule uliokuwa wako haupo. Mvua ikinyesha umebeba bwawa. Turubai nimelitumia sana, nalijua tabia: ukikaza kamba ya huku, ya kule inalegea, na mwendo ukichanganya linaanza kujipigapiga huko nyuma mpaka wenye magari wengine wanakupa ishara, nawe unawapungia mkono ukidhani mnafahamiana.

Basi, kanopi. Kuna za chuma, za alumini na za faiba. Chuma kinavumilia kila kitu isipokuwa kutu. Alumini ni nyepesi, haili kutu, ila ikibonyea ndiyo imebonyea. Faiba inapakwa rangi ya gari mpaka watu wanadhani limezaliwa nayo. Ikipata kishindo inapasuka, lakini fundi wa faiba anaiziba, maisha yanaendelea. Nikachukua faiba. Unaweza kuzungumza nami habari za uimara mpaka kesho, mimi nilitaka kupendeza.

Nikaambiwa inazuia na vumbi. Inazuia kweli: likishaingia halitoki. Safari moja ya barabara ya vumbi, ukifungua nyuma unakuta mizigo yote imekuwa ya rangi moja, huwezi kujua begi la mgeni ni lipi na gunia la mkaa ni lipi. Fundi akanieleza kwamba gari likienda, hewa ya nyuma yake inapungua nguvu, kwa hiyo vumbi badala ya kubaki barabarani linakufuata na kunyonywa ndani kupitia nyufa za ule mlango wa chini wa bodi. Watu wanahangaika na mlango wa kanopi wenyewe, kumbe mwizi anapita chini. Dawa ni kuzungushia raba kingo zote za mlango wa chini, kisha uache kitundu cha hewa mbele au juu ya paa, hewa iingie kwa nguvu, ilisukume vumbi nje. Nimeweka raba. Vumbi limepungua. Na mlango wa chini sasa haufungi mpaka uupige teke, na teke lenyewe lazima liwe la hasira ya kweli, ukiigiza unajua.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni shemeji.

Kanopi inakutenga na watu wa mchanga, wa matofali, wa kabati na wa magodoro. Hii faida hawaiandiki popote, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mtu akikuuliza "gari lipo?" unajibu kwa unyonge, "lipo, ila lina kanopi", uso umejaa huzuni, moyoni ngoma inapigwa. Wengi wanakata tamaa. Shemeji yangu hajaumbiwa kukata tamaa.

"Shem, gari lipo?"

"Lipo shem, ila lina kanopi."

"Afadhali. Friji yangu haitalowa."

Nikamweleza kwa upole kwamba kimo cha ndani, kutoka sakafu ya bodi mpaka dari ya kanopi, hakifiki hata mita 1, na friji yake inamzidi yeye mwenyewe urefu.

"Tutailaza."

Hapo nikaona nafasi ya kumaliza mjadala kisomi. Nikamwambia friji hailazwi hivihivi, shem. Mle kwenye kompresa kuna mafuta. Ukiilaza yanaingia kwenye vibomba vya gesi, ukifika ukaiwasha papo hapo umeiua. Friji inasafiri imesimama, na ikilazimika kulala basi iachwe imesimama masaa kabla ya kuwashwa. Nikamaliza, nikakunja mikono, nikangoja aniage.

Akafikiri. Akasema, "Basi tutoe kanopi."

Alilisema hilo neno kama mtu anayevua kofia mlangoni. Mke wangu naye akatokea, hajaulizwa, "Si inatoka tu?" Shemeji akamalizia kwa sauti ya mzee wa kanisa, "Undugu ni kufaana, si kufanana." Ukishaambiwa hivyo mbele ya mkeo, ujue umeshatoa kanopi.

Sasa kanopi inakaa juu ya kingo za bodi, imebanwa kwa klampu kwa ndani. Kwenye karatasi unalegeza klampu, unachomoa waya wa taa ya breki ile ya juu, mnanyanyua, mmemaliza. Kwenye karatasi. Klampu za upande wa kulia zilitoka vizuri. Za kushoto nati zilikuwa zimeshaoana na boliti kwa kutu, haziachani kwa spana wala kwa maombi. Nikawa nimejikunja mle ndani nazichokonoa, huku shemeji yuko nje ananielekeza kwa kunyoosha kidole mahali nisipopaona. Za kushoto zikakubali. Nikasema, "Ngoja nichomoe waya." Akasema, "Nimeshauchomoa." Nikatazama. Hakuuchomoa. Aliung'oa.

Kanopi ya faiba ya gari la kebini mbili ina kilo 70 hivi, zingine zinazidi. Si uzito wa kutisha kwa watu wanne, kila mmoja na kona yake. Shida ni kwamba ni pana, haina pa kushika, na mmoja kati ya hao wanne lazima simu yake iite. Wetu iliita tukiwa tumeinyanyua juu ya mabega. Akapokea! "Ee, niambie. Hapana, sijabanwa, nipo tu na watu." Mkono mmoja kwenye sikio, mwingine kwenye mali yangu, na kona yake inashuka, inashuka, mpaka ule ukingo uliopakwa rangi ukasalimiana na mlango wangu wa nyuma. Mstari upo mpaka leo, anayetaka kuuona aje, sitozi kiingilio.

Tukaiweka uani. Kabla sijanyoosha mgongo, watoto wote wa mtaa wameshahamia ndani, wamegawana vyumba.

Friji ikapanda, ikasimama katikati ya bodi, ikafungwa kamba pande zote. Shemeji akataka kukaa nyuma aishikilie. Nikamkatalia, akaniona nina roho mbaya. Nikaendesha mwendo wa maiti, kila tuta naliomba ruhusa, yote hayo kwa ajili ya yale mafuta ya kompresa nisije nikaua friji ya watu. Mvua ikatukuta njiani. Shemeji akanigeukia akaniuliza, bila haya hata kidogo, kama sikubeba turubai.

Tukafika. Tumelowa. Vijana wakaiteremsha taratibu, nami nawasimamia: wima, jamani, wima, msiilaze! Mwenye nyumba akatoka, akafungua mlango wa friji, akachungulia, akauliza imekufa tangu lini.

Kulikoni, imekufa? Shemeji akasema, "Muda tu. Si ndiyo maana tumekuletea wewe, fundi?"

Sikujibu. Kuna hasira inayohitaji maneno na kuna hasira inayohitaji kiti, nami nilikaa. Friji iliyokufa zamani! Tungeweza kuilaza, kuibiringisha, kuivuta kwa kamba barabarani, na kompresa isingejua lolote. Nimeng'oa kanopi, nimechubua mlango, nimelowa mpaka pochi, ili maiti isafiri imesimama.

Na kuirudisha sasa. Ilipotoka ilikuwa ya gari hilo. Iliporudi ilikataa kulitambua. Ukiipatia mbele, nyuma inaning'inia. Ukiipatia nyuma, raba ya mbele inajikunja. Waya uliong'olewa uliunganishwa na kijana mmoja aliyesema anajua umeme. Sasa ile taa ya breki ya juu inawaka kila ninapowasha taa za usiku, haizimi. Anayenifuata anaamini nimekanyaga breki safari nzima. Wananipigia honi, wananimulika, mmoja alinipita akanishauri kwa sauti nirudi nikajifunze gari. Na mimi hata kumwona vizuri nisingeweza, maana kioo cha kati kinanionyesha vioo viwili vya vumbi vimefuatana, cha kebini na cha kanopi, na kati yake kuna upenyo ambao mkono hauingii. Fimbo yenye kitambaa nimeitumia. Kitambaa kimebaki humo. Narudi rivasi kwa vioo vya pembeni na kwa imani.

Ninachouliza ni kimoja. Mwenye gari dogo, yupo mtu aliyewahi kumfuata akamwambia, "Kaka, naomba utoe paa nipitishe kabati"? Hayupo. Wanamhurumia: gari lake dogo, tusimsumbue. Ila mwenye pikapu, aweke kanopi, asiweke, yeye ni idara ya usafirishaji ya ukoo. Jirani mmoja alipakia mchanga kwa kupenyeza koleo kutoka nyuma, na mpaka leo anatembea ameinama. Mwingine alitaka kuweka tangi la maji juu ya paa la kanopi kwa kuwa aliwahi kumwona mtu amepanda juu yake na haikubonyea. Gari lilikuwa limesimama, ndugu yangu, uzito wa kusimama si uzito wa mashimo.

Sisemi niitoe. Vifaa vyangu havilowi, nalala. Ila ujue kilo zake zinahesabiwa: gari likiruhusiwa kubeba tani 1, kanopi imeshakaa kwenye hesabu hiyo kabla hujaweka hata kikapu, na uzito wenyewe uko juu, kwenye kona gari linakuinamia. Mafuta ndiyo kila mtu ana lake. Kuna bwana mmoja hataki kanopi, anaendesha mlango wa bodi umelala chini, eti upepo upite asichome mafuta. Nikamweleza kwamba mlango ukifungwa hewa inajizungusha humo ndani ya bodi na upepo wa juu unateleza juu yake, kwa hiyo kuulaza ni kujiongezea kazi. Akaniambia wenye kanopi tuna wivu. Nikanyamaza, ile taa yangu ilikuwa inawaka, sikuwa na sura ya kumfundisha mtu.

Kuna vifuniko vile vya bapa pia, vinavyolala usawa wa kingo za bodi. Vizuri, havizibi kioo. Mzigo ukizidi kimo cha ndoo, umekwisha.

Na ufunguo! Kanopi ina ufunguo wake peke yake, kijiti chembamba cha kupinda ukikikazia macho. Wangu umepotea tangu siku ya friji, kwa hiyo siku hizi ninachofunga ni macho tu. Nyumbani kuna kopo la funguo. Kila nyumba inalo. Hakuna anayejua zinafungua nini, na ukitaka kuzitupa mke anakuuliza, "Je, ikiwa ndio huo?" Ndio upi? Wa nini? Kuna mmoja wa kabati tuliloliacha nyumba ya zamani. Kuna wa kufuli ambalo tulilivunja kwa sababu ufunguo wake haukuonekana. Baada ya kisogo kupoa leo nimelibeba kopo lote nikaenda nalo kwenye gari, nikajaribu mmoja mmoja kwenye kitasa cha kanopi, na kweli, mmoja ukaingia. Haugeuki. Wala hautoki. Nimempigia fundi wa vitasa. Ameniuliza kama siwezi kuitoa hiyo kanopi nimpelekee.