Wakubwa Wawili Wasikutane

Desemba ikifika, Uchagani hujaa wajuaji. Mabasi ya Dar yanashusha watu Himo na Moshi usiku na mchana, na kila anayeshuka ana somo la kutupa sisi tuliobaki: namna ya kuchoma mbuzi, namna ya kulea watoto, namna ya kupunguza kitambi. Desemba ya 2025 somo lilikuwa baiskeli. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuwa yamefanyika Kigali mwezi Septemba, mara ya kwanza kuja Afrika, na kila mwenye simu alikuwa ameshakuwa mtaalamu. Kwa hiyo sisi tuliozaliwa mlimani tukaanza kufundishwa kupanda mlima na mtu anayeishi Mikocheni, Dar.

Mtu huyo ni binamu yangu. Alishuka na baiskeli ya kaboni ndani ya boksi, nyepesi kiasi kwamba bibi aliinyanyua kwa mkono mmoja akauliza nusu nyingine inakuja na basi gani. Binamu hakucheka. Alitueleza kwamba kule Kigali wanaume walipiga kilometa 267 na nusu, kwamba vilima walivyopanda ukivijumlisha vinazidi mita 5,400, na kwamba Tadej Pogačar aliwaacha wote. Pogačar anatumia krenki, ile mikono inayoshika pedeli, fupi za milimita 165, basi na yeye kanunua za milimita 165. Miguu ya Pogačar haikuwemo kwenye boksi.

Maneno yakazaa maneno, tukawekeana dau mbele ya bibi. Tutaanzia Kiboriloni, tupite Njia Panda, Himo tukate kushoto, tupande hadi getini kwake, kidogo kabla ya Marangu Mtoni. Atakayeshindwa ananunua mbuzi wa ndafu.

Sasa mimi ni mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa hesabu hakurupuki kwenye dau la mbuzi. Nilikaa na karatasi. Baiskeli yangu ni ya mtumba, fremu ya alumini, nimeitoa Soko la Memorial. Mbele ina spoketi mbili, ya meno 50 na ya meno 34. Nyuma ilikuwa na kaseti, yaani lile rundo la spoketi za nyuma, inayoanzia meno 11 kuishia 25. Gawa 34 kwa 25 unapata 1.36, na kwa kuwa tairi likizunguka mara moja linatembea kama mita 2.1, kila mzunguko wa pedeli unanisogeza mita 2.86. Kwa barabara ya Marangu hiyo ni gia ya mtu mwenye hasira. Weka spoketi ya meno 32 nyuma, uwiano unashuka hadi 1.06, mita 2.2 na chenji kidogo. Mwendo unapungua lakini magoti yanabaki ya kwako. Nikapiga na ya binamu: mbele ndogo yake ni 36, nyuma kubwa yake 25. Mita tatu kwa kila mzunguko! Hiyo ni gia ya kwenda Coco Beach. Nikacheka peke yangu pale ofisi ya walimu mpaka mwalimu wa Kiswahili akaniuliza kama niko sawa.

Nikanunua kaseti ya 11 hadi 32 na cheni mpya, nikavipeleka kwa fundi wangu wa Majengo. Ni mzee aliyeanza na Phoenix za breki za vyuma, lakini gia anazijua kuliko vijana wote wenye video. Bahati mbaya siku ile alikuwa msibani Rombo, kazi akaishika mwanafunzi wake ambaye wote tunamwita Dogo. Nilikaa pale nikimwangalia, na kwa haki kabisa niseme, mikono yake ni safi. Alinyoosha rimu. Alipaka grisi. Pedeli ya kushoto aliifunga kwa kuizungusha kinyume, maana uzi wake hauendi kama wa kulia, na mafundi wengi wanaziua krenki hapo hapo. Kisha akailaza cheni ya zamani chini, akailaza mpya ubavuni mwake, akakata mpya ilingane na ya zamani pingili kwa pingili. Nidhamu ile ilinifurahisha kama mzazi kwenye mahafali. Nikaondoka nikiahidi kumlipa baadaye.

Jioni fundi mwenyewe alirudi kutoka Rombo, akaulizia kazi za siku, akapiga simu. Mimi nilikuwa bafuni, mke wangu akapokea. Nilipotoka akanipa ujumbe huku anachambua mchele.

"Fundi kasema kesho wakubwa wawili wasikutane kabisa."

"Wakubwa gani?"

"Nimemuuliza. Kasema wewe mwenyewe unawajua. Wakikutana lazima kitu kivunjike. Kasema uvumilie mpaka Jumatatu, atakuja kulimaliza."

Nikakaa chini. Wakubwa wawili ninaowajua mimi ni kaka wawili wa marehemu baba: baba mkubwa wa Himo na baba mkubwa wa Kilema. Hawa wazee hawajashika kata moja ya mbege tangu masale, ile mimea ya mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, yaliposogea hatua mbili katika usiku mmoja, na kila mmoja anaapa yalisogea kuja upande wake. Fundi anawatengenezea wote wawili baiskeli. Na fundi baiskeli husikia habari za ukoo kuliko mshenga, kwa sababu mtu akisubiri pancha hana la kufanya ila kusema. Nikajua amesikia kitu kibaya. Hata hilo la kuja Jumatatu "kulimaliza" lilinigusa; nikasema huyu mzee ana busara, anataka kutusuluhisha.

Usiku ule sikufikiria gia hata kidogo. Nilikuwa kwenye simu. Baba mkubwa wa Himo nikamtukuza kuwa mwamuzi wa pale kona ya Himo, nikamsihi asiondoke hata mbuzi akishachinjwa, tutamletea. Baba mkubwa wa Kilema nikampa cheo cha mwamuzi wa mwisho, getini kwa bibi. "Kwa nini kaka yangu apewe kona na mimi nipewe geti?" akauliza. Nikamwambia geti ni kubwa kuliko kona. Akaridhika.

Asubuhi tukaanza. Kiboriloni hadi Himo sina ya kusimulia: barabara ni ya kupanda na kushuka kidogo kidogo, malori yanakupulizia moshi, na binamu alikuwa mbele yangu akinionyesha mgongo. Nilikaa kwenye spoketi kubwa ya mbele, ile ya 50, nikamfuata kwa karibu ili yeye akate upepo na mimi nijifiche. Himo tukakata kushoto. Baba mkubwa alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti la suti, anapunga kitambaa cheupe. Nikashusha pumzi, mkubwa wa kwanza yuko mahali pake.

Pale mlima unapoanza kudai, binamu akasimama kwenye pedeli akachomoka. Nami nikasimama. Nilikuwa bado kwenye 50, damu imechemka, nikaona nisihangaike na ya mbele, nikabonyeza ya nyuma tu. Moja. Nyingine. Nyingine. Kila jino nililolinunua kwa pesa yangu nikaliita. Cheni ikapanda, ikapanda, ikafika kwenye ile 32.

Nilisikia "ta!", kisha sauti ya vyuma vinavyotafunana. Ule mkono wa gia wa nyuma, wenye vile vigurudumu viwili vidogo, ulinyooka wote ukaelekea mbele, ukang'oka na sikio lake la fremu, ukaingia kwenye spoki. Tairi likagoma. Mimi sikugoma, niliendelea peke yangu hadi kwenye fungu la ndizi mshare za mama mmoja aliyekuwa akiuza kando ya barabara. Mama aliniangalia nikiwa nimelala juu ya mali yake, akaniambia, "Pole, baba. Hizo ulizolalia ni elfu nane."

Habari za mlimani hazihitaji mtandao. Kabla sijamaliza kulipa ndizi, bodaboda ikashuka kutoka juu na baba mkubwa wa Kilema nyuma yake, ameacha geti. Nikageuka, na kutoka chini inapanda bodaboda nyingine, koti la suti linapepea. Nikasahau goti linalovuja damu. Nikasimama katikati ya barabara nimenyoosha mikono yote miwili, napiga kelele: "Wakubwa wawili wasikutane! Jamani, wakubwa wawili wasikutane!"

Kulikuwa na kijana fundi pikipiki aliyekuwa amechuchumaa kwenye baiskeli yangu, anaikagua. Akainua kichwa.

"Wameshakutana, mwalimu," akasema kwa upole. "Ona."

Akanionyesha kwa bisibisi. Mbele, cheni iko kwenye spoketi kubwa. Nyuma, cheni iko kwenye spoketi kubwa. Katikati imekazika, ungeweza kuipiga wimbo. Ndipo nikaelewa kile ambacho fundi wangu alikuwa ameagiza kwa simu. Kijana akanieleza: cheni hupimwa kwa kuizungusha kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, kisha unaongeza pingili mbili. Hii ilikatwa kwa kipimo cha kaseti ya zamani. Hesabu ikanijia yenyewe pale pale, imechelewa. Meno 7 yameongezeka nyuma, cheni inakumbatia nusu tu ya spoketi, kwa hiyo zinadaiwa pingili tatu na nusu, na pingili moja ni nusu inchi. Mbuzi mzima anaondoka kwa chini ya inchi mbili! Isitoshe mkono wenyewe ulikuwa wa aina fupi, uliotengenezwa kwa kaseti ndogo. Hata cheni ingetosha, ungekuwa unahema.

Wazee walikuwa wameshashuka kwenye bodaboda. Walisimama kila mmoja upande wake wa baiskeli, hawasalimiani, wanaikagua. Kijana akasema dawa ipo: atatoa mkono wote, akate cheni, aifunge kwenye spoketi moja tu mbele na moja tu nyuma, niende hivyo hivyo. Swali ni ipi nyuma.

"Ya katikati," akasema baba mkubwa wa Himo, hewani, bila kumtazama mtu. Yeye ameendesha malori maisha yake yote.

"Kwa mlima huu?" baba mkubwa wa Kilema naye akaiambia hewa. "Huyu mtoto ana miguu ya chaki. Mpe kubwa kabisa."

Kimya. Baba mkubwa wa Himo akanitazama miguu muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Hapo," akasema, "kaka umesema kweli."

Neno "kaka" halikuwa limesikika kati yao kwa miaka. Hata muuza ndizi aligeuka. Kwa hiyo nikafungiwa 34 mbele na 32 nyuma, gia moja, nyepesi kuliko zote, kwa umoja wa ukoo.

Nikapanda. Nilikuwa nazungusha miguu kwa kasi ya cherehani na mwendo wa maandamano ya Ekaristi. Watoto walinisindikiza kwa kutembea. Lakini nikafika kona moja, na nani namwona mbele? Binamu. Ameshuka. Anaisukuma kaboni.

Kumpita mtu anayetembea, wewe ukiwa na gia ya mita 2.2, kunachukua muda mrefu kuliko mnavyodhani. Nilimfikia ubavuni, na hapo tukawa pamoja. Adabu haikuruhusu kunyamaza.

"Vipi?" akasema, anahema.

"Salama. Shangazi hajambo?"

"Hajambo. Kasema atakuja Krismasi. Gia zako zinaendaje?"

"Ninayo moja tu."

Akatembea kidogo. "Mimi ninazo ishirini na nne," akasema, "na natembea."

Tukaongelea bei ya mbuzi na ubatizo wa mtoto wake. Tulipofika kwenye ubatizo nilikuwa nimempita kwa urefu wa baiskeli moja. Tulipomaliza ubatizo, mbili. Ningeshinda, na hili naliandika ili lisomwe, ningeshinda kama barabara isingeshuka kwenye kijito cha mwisho kabla ya kwa bibi. Binamu akaona mteremko, akarukia tandiko, akaweka 52 mbele na 11 nyuma, karibu mita kumi kwa mzunguko mmoja wa pedeli, akapita na upepo wake. Mimi nilizungusha miguu mpaka tandiko likanirusha, na pedeli hazikuwa zinagusa kitu. Getini hakukuwa na mwamuzi hata mmoja, maana wote wawili walikuwa bado kwa muuza ndizi wanajadili malori ya zamani. Bibi akaamua.

Mbuzi nikanunua mimi. Jioni wazee wako kwenye benchi moja, kata inakwenda na kurudi, suala la masale halijaguswa, ila wamekubaliana kwa sauti kubwa kwamba magari ya siku hizi hayana gia. Ndipo Dogo akaingia uani. Fundi alikuwa amemtuma kutoka Majengo, na alikuwa ameshika jani la sale kwa mikono miwili.

Watu wote wakanyamaza. Mtu akikujia na sale kuomba msamaha, kwetu hakuna kukataa. Unaweza kuwa umefiwa na ng'ombe wote, utasamehe. Nilimtazama bibi, bibi akanitazama vibaya. Nikalipokea jani. Nikamwambia Dogo yameisha, akae ale nyama.

Dogo akashukuru, akakaa, akafuta mikono, kisha akatoa kijikaratasi kwenye mfuko wa shati. Kunyoosha rimu, grisi, kufunga kaseti, na kukata cheni: jumla elfu kumi na tano, bado haijalipwa.