Roboti Iliyotoka Sare na Binadamu

Hermano Igo Krebs hakusomea udaktari. Ni Mbrazili aliyeanzia kwenye ufundi umeme huko São Paulo, akasomea uhandisi wa meli, akaenda Yokohama, Japani, kuongeza shahada nyingine ya mambo ya bahari, ndipo akatia nanga MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani. Huko alifanya kazi na Profesa Neville Hogan, na tangu hapo miaka yake mingi imeishia kwenye mikono ya watu waliopigwa na kiharusi. Kijana anayetaka kuingia kwenye utafiti wa tiba ya utengamao, yaani ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa viungo vyake, akiniuliza amfuatilie nani, nitamtaja huyu. Sababu yangu lakini si ile inayotajwa na wengi.

Wengi humsifu kwa mashine. Nayo inastahili sifa zake. Inaitwa MIT-Manus, na ilianza kujengwa mwaka 1989. Mgonjwa anaketi mezani, mkono uliopooza unafungwa kwa mikanda, vidole vinashikizwa kwenye kipini. Mbele yake kuna skrini yenye kidoti katikati na vingine vinane vilivyokizunguka. Kazi ni kukitoa kipini katikati, kukipeleka kwenye kidoti cha nje na kukirudisha. Mkono ukigoma, mashine inausogeza. Ukianza wenyewe ukapinda njiani, inaurudisha taratibu kwenye mstari. Ukienda vizuri, inauachia, kama mtu anayemfundisha mtoto baiskeli huku ameshika kiti kwa nyuma. Rahisi kuisimulia, ngumu kuijenga, kwa sababu roboti za viwandani zimeundwa zishike njia yake bila kujali kilicho mbele, na mkono wa mgonjwa hauwezi kushindana na chuma. Hesabu za kuifanya roboti iwe laini inapoguswa Hogan alikuwa ameshazichapisha mwaka 1985.

Wahandisi peke yao wasingefika popote. Mwaka 1994 mashine ilipelekwa hospitali ya Burke, White Plains, jimbo la New York, kwa daktari wa mishipa ya fahamu Bruce Volpe na wenzake. Matokeo ya wagonjwa 20 wa kwanza yalichapishwa mwaka 1997: mkono uliofanya mazoezi na roboti ulipata nafuu zaidi. Mwaka uliofuata Krebs na Hogan wakaanzisha kampuni ya kuziuza.

Hapo ndipo ninapomtazama mtafiti. Una chombo chako, una kampuni yako, una matokeo mazuri ya watu 20. Watu wengi wangekomea hapo na kuchapa brosha. Hawa waliiachia mashine yao ipimwe na watu wengine, kwa vipimo vikali, na jina la Krebs likabaki kati ya waandishi hata matokeo yalipotoka yasivyopendeza.

Jaribio la kwanza kubwa lilifanyika katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, likatoka mwaka 2010. Wagonjwa walikuwa 127, wote wamepata kiharusi si chini ya miezi sita nyuma. Baadhi walipewa roboti, vikao 36 katika wiki 12. Wengine walipewa mtaalamu wa viungo aliyetakiwa kwenda kwa kasi ileile ya roboti. Kundi la tatu liliendelea na huduma ya kawaida. Wiki 12 zilipokwisha, roboti haikuwa imeishinda huduma ya kawaida kwa tofauti ya kuaminika. Ilipofika wiki ya 36 ilikuwa imeipita kidogo. Dhidi ya mtaalamu mwenye kasi, sare.

Wapo waliosoma sare hiyo wakasema basi, roboti haina kazi. Mimi sikubali. Huyo mtaalamu aliyetoka sare na mashine hayupo kwenye hospitali yoyote ya kawaida. Alitengenezwa kwa ajili ya utafiti. Kwenye kikao cha roboti mkono ulikuwa unarudia kitendo takribani mara 1,000. Watafiti wengine wa Marekani walipokaa wodini wakahesabu, mwaka 2009, walikuta mgonjwa wa kiharusi anarudia vitendo vya mkono wastani wa mara 32 kwa kikao. Thelathini na mbili! Kwangu mimi habari kubwa ya kazi yote hii ni hiyo namba, na hospitali haihitaji kununua roboti ili ianze kuhesabu.

Jaribio la pili lilikuwa kubwa zaidi, na chungu zaidi. Lilifanyika Uingereza kwa watu 770 na kuchapishwa mwaka 2019, jina la Krebs likiwamo kati ya waandishi. Safari hii kipimo kikuu kilikuwa vitendo vya mikono: kunyanyua vipande vya mbao, kumimina maji kutoka glasi moja hadi nyingine. Waliofikia kiwango cha mafanikio walikuwa asilimia 44 kwa roboti, asilimia 50 kwa mazoezi ya ziada na mtaalamu, na asilimia 42 kwa huduma ya kawaida. Tofauti hizo hazikutosha kusema lolote limeshinda. Ila ukichimba ndani unakuta jambo: waliotumia roboti mikono yao ilitii zaidi kuliko ya wale wa huduma ya kawaida, lakini nafuu hiyo haikufika kwenye shughuli za nyumbani. Waliokuwa na mtaalamu, kwao ilifika.

Ukifikiri vizuri haishangazi. Mtu aliyefanya mazoezi ya kufuata vidoti amekuwa hodari wa kufuata vidoti. Shati halijafungwa vifungo.

Kwa hiyo nimechoka na ubishi wa roboti au binadamu, ambao kila mashine mpya ikitoka unaanza upya. Ningependa wagawane saa moja: roboti ichukue sehemu ya kwanza, ile ya kurudia mara mia kadhaa ambayo ingemchosha mtaalamu yeyote, kisha mtaalamu aingie na shati, kikombe na ufunguo wa mlango wakati mkono bado umechangamka. Na atakayelipima hilo asianze na pembe za kiwiko. Aanze kwa kumuuliza mgonjwa jana alivaaje.