Mwache Paka Wako Uvunguni

Mwisho wa mwezi uliopita nilihama kutoka mtaa wa Umoja kwenda Roysambu, humu humu Nairobi, ghorofa ya nne. Vyombo vilipanda kenta, na Chausiku, paka wangu wa miaka sita, nikampakata mwenyewe ndani ya kikapu chenye kifuniko. Nilipokifungua chumbani, alitambaa tumbo likigusa sakafu mpaka uvunguni mwa kitanda, akajibana kwenye kona. Nilipoinama na tochi ya simu niliona macho mawili yaliyojaa weusi, na mkia umemzunguka miguu.

Jirani aliyekuja kunikaribisha, mama wa makamo, aliniambia nimtoe kwa ufagio, atazoea tu. Nilimshukuru nikamwambia, "Hapana mama, huyu tumwache." Ninaliamini hilo kwa dhati: paka aliyehamishwa asivutwe kutoka mafichoni. Hajakuchukia wala haringi. Anaogopa, na pale uvunguni ndipo mahali pekee alipojichagulia mwenyewe tangu asubuhi.

Paka anaijua nyumba kwa pua. Ana tezi mashavuni, na kila akijisugua kwenye mguu wa meza au kizingiti anaacha harufu yake ya kumtuliza. Kule Umoja alikuwa ameipaka nyumba nzima kwa miaka sita. Roysambu tulikuta rangi mbichi, jiki, na harufu za wapangaji waliotutangulia.

Ndiyo maana inaniuma nikiona watu wakifua kila kitu cha paka kabla ya kuhama, eti aanze upya na usafi. Leso anayolalia Chausiku niliibeba vilevile, na manyoya yake. Kwenye beseni jipya nikachanganya kikombe cha mchanga wake wa zamani wa kujisaidia. Chakula nikakiweka upande mmoja wa chumba, mchanga upande wa pili mbali na chakula, na katoni nikailaza ubavu karibu na kitanda. Kisha nikafunga mlango. Chumba kimoja kinamtosha kwa kuanzia. Nyumba nzima kwa mara moja inamzidi.

Jioni nilikuwa naketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, nikisoma kwa sauti ya chini bila kumkodolea macho, maana paka akikodolewa hujiona ametishwa. Macho yetu yakikutana nilifumba yangu polepole, nikafumbua, nikatazama pembeni. Usiku wa pili, taa zikiwa zimezimwa, nilisikia omena zikivunjika menoni mwake. Nililia kidogo.

Usiku huo ndio uliokuwa mpaka wangu. Kumwacha paka atulie si kumtelekeza. Akimaliza siku nzima bila kula, mpigie daktari wa mifugo. Siku mbili zikifika, mpeleke. Paka aliyegoma kula kwa siku kadhaa, hasa mnene, mafuta hujaa kwenye ini lake na anaweza kufa. Na dume anayeingia kwenye mchanga mara kwa mara, anajikamua na mkojo hautoki, huyo asingoje hata kukuche. Kule Kabete Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama, na madaktari wa mifugo mitaani nao wapo.

Jambo jingine ni mlango wa nje. Paka wengi hupotea siku za mwanzo, mlango ukiachwa wazi kidogo tu wakati mizigo inaingizwa. Hutoka kuitafuta nyumba ya zamani, na hapa kwetu barabara iliyo karibu ni Thika Road. Anayemzoesha paka kutoka nje avumilie angalau wiki tatu. Mimi wangu hatoki kabisa, na baraza nimeizungushia wavu, kwa sababu kuanguka kutoka ghorofa ya nne si mchezo hata kwa paka.

Siku ya tisa nilimkuta akijisugua shavu kwenye kona ya kochi, kushoto, kulia, kisha kushoto tena. Sebule sasa ni yake. Jikoni bado hajaingia, sufuria zikigongana anarudi mbio kwenye leso yake, nami simharakishi.