Baridi ya Bukavu inamfaa nyoka wa Mandarini, mayai yake je?

Kijana mmoja wa mtaa wa Nyawera, jirani yangu, ametia nia ya kuleta Bukavu jozi ya nyoka wa Mandarini, mla panya wa milima ya China ambaye wanasayansi humwita Euprepiophis mandarinus. Anataka awafuge, wazae, auze watoto wao. Mama yake alimjibu kwa maneno machache: «Mutoto yangu, nyoka iko nyoka tu.» Mimi aliniomba nimtetee kwa mama huyo, na kwa wiki kadhaa nimekuwa nikimkwepa kwa sababu sikuwa nimejua nasimama wapi.

Aliyemwona nyoka huyu hata pichani haulizi kwa nini anatamaniwa. Mwili ni wa kijivu, na mgongoni kuna msururu wa maumbo meusi ya almasi, kila moja likiwa na doa la manjano katikati. Hana sumu, na mara nyingi hafiki hata mita moja na nusu. Lakini uzuri wote huo huishi mafichoni. Hupenda kujificha katika mashimo ya panya, na anachokipenda zaidi ni vichanga vya panya ambavyo bado havijafungua macho. Wafugaji wa Ulaya na Marekani waliteseka naye sana mwanzoni. Waliokamatwa porini walifika wamekauka kwa kiu, matumbo yamejaa minyoo, wakatiwa katika vizimba vyenye taa za joto kana kwamba ni chatu. Waligoma kula, na wengi wakafa. Ilichukua muda watu kuelewa kwamba huyu ni kiumbe wa ubaridi: nyuzi 20 hadi 25 zinamtosha, na zikipita 28 anaanza kuteseka.

Hapo ndipo hoja ya kijana inaposimama imara. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto letu huzunguka nyuzi 20 mwaka mzima. Mfugaji wa Kinshasa au Dar es Salaam angehitaji kiyoyozi. Sisi twahitaji kufungua dirisha. Nimejaribu kuipinga hoja hii nikashindwa. Kwa kumtunza tu nyoka aliyezaliwa kizimbani na aliyekwisha kuzoea kula, mji wetu unafaa kuliko miji mingi.

Ila kijana hazungumzii kutunza, anazungumzia kuzalisha, na hayo ni mambo mawili.

Huko kwao nyoka huyu ana majira. Baridi kali ikija hujichimbia, huacha kula, mwili ukapoa. Vuguvugu linaporudi ndipo dume humtafuta jike. Wafugaji huiga hali hiyo: miezi miwili au mitatu gizani, bila chakula, kwenye nyuzi 10 au 12 hivi. Asiyepitishwa huko mara nyingi hapandi, au mayai hutoka bila uhai ndani. Sasa Bukavu tutaupata wapi msimu huo? Hata usiku wa Julai unaotufanya tuongeze blanketi hauwezi kushika nyuzi 10 kwa miezi mitatu mfululizo. Kijana, na hapa nampa heshima yake, hakubisha kwa mdomo. Aliweka kipimajoto katika ghala la mawe chini ya nyumba yao kwa wiki tatu. Hakikushuka chini ya 17.

Wenzetu wa mbali wanaokosa baridi hutumia frigo iliyowekewa termostati. Ushauri mzuri, kwa mtu ambaye umeme wake hauna delestaji, yaani kukatwakatwa. Frigo ikizimika siku mbili, ikawaka, ikazimika tena, nyoka naye huamka na kulala, na kila akiamka anachoma mafuta aliyojiwekea mwilini huku hana chakula tumboni. Jenereta? Miezi mitatu ya mafuta, kwa ajili ya mayai ambayo kwa kawaida ni matatu hadi manane. Inabaki sola na betri nzuri, na kwa haki lazima niseme hilo linawezekana. Ila mradi huo si wa nyoka tena, ni wa umeme.

Nang'ang'ania suala la mayai kwa sababu utetezi wote wa kijana unalitegemea. Anasema kila nyoka anayezaliwa kizimbani ni mmoja asiyeng'olewa mlimani. Kuna mahali hilo limekuwa kweli. Yuko mjusi mmoja wa Kaledonia Mpya, mwenye kishungi, aliyedhaniwa ametoweka duniani hadi alipoonekana tena mwaka 1994. Leo wanaouzwa madukani ni wazawa wa vizimbani, maana nchi yake hairuhusu wasafirishwe. Lakini mjusi yule hahitaji baridi kali, na jike lake hutaga mawili mawili mara kadhaa kwa mwaka. Kuzaa kwake ni rahisi kuliko kumtafuta msituni. Kwa nyoka wa Mandarini mambo yanaweza kugeuka: kumkamata kukawa rahisi kuliko kumzalisha. Hapo mfanyabiashara hushawishika kuleta wa porini na kumwita mzawa wa kizimbani.

Sisi Wakongo hatuhitaji kufundishwa hilo kutoka mbali. Kasuku wa kijivu wametotolewa kwa maelfu Afrika Kusini, na wengi wa wazazi wao walitoka misitu ya nchi yetu. Utegaji haukukoma. Mwaka 2016, wajumbe wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, walikutana Johannesburg, wakampandisha ndege huyo katika Kiambatisho cha kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya wale wa porini ikapigwa marufuku. Banda la mfugaji halikuwa limeufunga msitu.

Kwa hiyo jozi ya Nyawera isipozaa, mwenyewe atafanya nini wakifa? Ataagiza wengine. Atakuwa mteja wa kudumu wa mtegaji asiyemjua.

Kuna hofu nyingine ninayoiona ndogo zaidi: kwamba watatoroka na kujaa Kahuzi-Biega, hifadhi ya msitu iliyo jirani yetu. Si hofu ya kipuuzi. Katika kisiwa cha Gran Canaria nyoka wa Kalifornia waliotokana na wafugwao wamewamaliza mijusi wa asili katika sehemu walizoenea. Lakini siwezi kusema nyoka huyu hazai bila baridi kali, kisha nigeuke niseme atajaza msitu usio na baridi hiyo. Milima yetu ni ya juu, sitaapa, ila hoja hii siitumii dhidi ya kijana.

Neno la mama yake nililipuuza mwanzoni, nikiliona ni woga wa kawaida. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kijana hujibu kwamba watu wakimzoea nyoka asiye na sumu, wataacha kuua wale wa nyumbani wanaokula panya wetu bure. Inapendeza kusikia. Lakini watoto wa uwanjani mwao watakaomwona akimzungusha mkononi hawatajua spishi, na nje ya mji kuna swila wa msituni na kipiri wa mitini. Dawa ya sumu ya nyoka haipatikani kila kituo cha afya. Kati ya faida ya nyoka wachache kuokoka fimbo na hatari ya mtoto mmoja kunyoosha mkono, mimi niko na mama.

Nimemjibu hivi: alete mmoja tu, mzawa wa kizimbani, mkubwa, anayekula, na kizimba kiwe na kufuli. Jozi isubiri mpaka aendeshe frigo tupu miezi mitatu bila kupita nyuzi 12. Na kabla ya yote awe na chakula, kwa sababu panya wa mitaani wamejaa sumu ya wachuuzi, na vichanga vya panya vilivyogandishwa sijaviona dukani hapa.

Hilo la mwisho amelikubali. Amepata panya weupe wanne, amewatia kwenye sanduku chini ya ngazi. Jike la kwanza lilizaa Jumanne. Kufikia Alhamisi lilikuwa limekula watoto wake wote.